Grace Hopper na lugha ya karani

Katika shule na vyuo vyetu kuna lawama isiyokwisha. Mwanafunzi aliyehitimu masomo ya kompyuta hurudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi akinung'unika kwamba lugha ya programu aliyofundishwa darasani hakuulizwa, na ile aliyoulizwa hakufundishwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hutaka kujua fedha zake zimeendea wapi. Mwalimu naye hujitetea kwamba amefundisha misingi, na kwamba aliyeshika misingi hababaishwi na chombo chochote. Mwajiri husikiliza utetezi huo, akatikisa kichwa, kisha akamwajiri mwingine.

Je, lugha za programu zilizobuniwa na wanazuoni kwa ajili ya uchunguzi na mafunzo zinafaa kazi za benki, bima, maduka na ofisi za serikali? Au kazi hizo zina lugha zao ambazo msomi hana budi kujifunza akiwa nje ya lango la chuo? Swali hili si la jana wala juzi. Limebishaniwa kwa zaidi ya miaka sitini, na mmoja wa watu waliolishika kwa mikono miwili alikuwa mwalimu wa hisabati aliyegeuka mwanajeshi wa majini. Grace Hopper alifariki mwaka wa 1992, lakini maisha yake yangali na funzo kwa kila mwalimu anayesimama mbele ya darasa la kompyuta, na kwa kila mwanafunzi anayejiuliza asome nini.

Alizaliwa jijini New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 7 alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuiunga tena, alifungua ya pili, na ya tatu, hata saa saba za nyumba ile zikawa vipande vipande. Mamake hakumzuia asichunguze. Alimwekea mpaka tu, kwamba tangu siku ile achezee saa moja.

Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar, akahitimu mwaka wa 1928. Kisha aliingia Chuo Kikuu cha Yale, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1930 na ya uzamifu katika hisabati mwaka wa 1934, wakati ambapo wanawake waliofika kiwango hicho walikuwa wachache mno. Mwaka ule wa 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper, na ingawa ndoa hiyo ilivunjika mwaka wa 1945, jina la Hopper alibaki nalo hadi kaburini.

Alifundisha Vassar tangu 1931, na hapo ndipo tabia yake ya baadaye ilipoanza kuonekana. Aliwaagiza wanafunzi wa hisabati waandike insha, kisha akazisahihisha lugha kama anavyosahihisha mwalimu wa fasihi. Walipolalamika kwamba walikuja kujifunza hesabu wala si uandishi, aliwajibu kwamba elimu ya hesabu haina faida kwa mtu asiyeweza kuwaeleza wenzake alichokigundua. Msomaji na alishike neno hilo, maana ndilo ufunguo wa kazi yote aliyoifanya baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Hopper alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Umri wake ulionekana umesonga, na uzani wake ulikuwa chini ya kiwango kwa takriban kilo 7. Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa maalumu, akakubaliwa mwezi wa Desemba 1943, na katika mafunzo ya uafisa akaongoza kundi lake. Mwaka wa 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi chini ya Howard Aiken kwenye mtambo wa kukokotoa ulioitwa Mark I. Mtambo huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzani wa takriban tani 5, nao uliweza kujumlisha mara tatu tu kwa sekunde. Hopper ndiye aliyeandika kitabu cha maelezo yake, chenye kurasa zaidi ya 500, kikachapishwa mwaka wa 1946.

Watu wengi humjua kwa kisa cha nondo. Mwezi wa Septemba 1947, mafundi wa mtambo wa Mark II walimkuta mdudu huyo amenaswa ndani ya swichi, wakambandika katika daftari la kazi wakifanya mzaha kwamba hatimaye mdudu wa kweli amepatikana. Hopper alipenda kukisimulia kisa hicho, hata watu wakadhani yeye ndiye aliyemkuta nondo na kwamba ndiye aliyeanza kuyaita makosa ya mashine wadudu. Hayo si kweli, kwani mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo muda mrefu kabla yake.

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Siku zile mtu aliyetaka kuiamrisha kompyuta alilazimika kuandika tarakimu tupu. Hopper alizizoea mno hesabu za vizio vya nane zilizotumiwa na mashine mojawapo pale, hata ikafika siku akashindwa kulinganisha hesabu ya fedha zake za benki. Nduguye, aliyekuwa mtu wa mambo ya benki, alipoichunguza karatasi aligundua kwamba dada yake alikuwa akitoa na kujumlisha kwa vizio vya nane badala ya kumi. Hopper aliona hapo hatari ya mtu kulazimishwa kufikiri kama mashine, na akaamua kwamba mashine ndiyo itakayojifunza kufuata fikira za mtu.

Mwaka wa 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0, iliyokusanya vipande vya amri vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha pasipo mtu kuvinakili upya kwa mkono. Ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea kompaila, yaani programu inayofasiri lugha ya mtu iwe lugha ya mashine. Wengi hawakumsadiki. Waliamini kwamba kompyuta kazi yake ni kukokotoa tu, wala haiwezi kushiriki katika kuandika programu.

Katika kuzunguka kwake kwa wateja, Hopper alitambua jambo ambalo wanahisabati wenzake hawakuliona. Wapo watu ambao alama za hesabu kwao ni kama maji kwa samaki. Lakini karani wa mishahara, msimamizi wa ghala na mhasibu wa bima hawakuwa watu wa alama. Walifikiri kwa maneno: mteja, deni, bei, akiba. Kuwalazimisha wawe wanahisabati kwanza ndipo waitumie kompyuta kulikuwa sawa na kumwambia mkulima asome kemia kabla hajapewa mbolea. Kwa hivyo kampuni ikawa na lugha mbili. Wanahisabati walipewa MATH-MATIC iliyotumia alama zao, na watu wa biashara wakaandaliwa FLOW-MATIC iliyotumia maneno. Ili kuibuni hiyo ya pili, Hopper na wenzake walipitia programu nyingi za biashara wakitafuta vitenzi vinavyojirudia, wakapata takriban 30 vilivyotosha kwa karibu kila kazi ya ofisi.

Alipoomba fedha za mradi huo katikati ya miaka ya 1950, alifanya jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kulitafakari. Aliwaandalia wakubwa wa kampuni programu ndogo kwa Kiingereza, kisha akaiandika kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, na kompyuta ikaitekeleza bila taabu. Alidhani watafurahi. La hasha! Walishtuka. Iliwaelea kinyume kabisa kwamba kompyuta iliyoundwa Marekani iweze kufahamu lugha za kigeni, ikambidi Hopper aahidi kutumia Kiingereza peke yake. Lakini ukweli alikuwa amekwisha kuuonyesha. Mashine haijui Kiingereza, wala haijui lugha yoyote. Kwake neno ni mpangilio wa alama tu. Iwapo neno la Kijerumani lingeweza kukaa mahali pale, hakuna sababu ya kitaalamu ya kulizuia neno la Kiswahili lisikae. Mtu angeweza kuandika TOA KODI KATIKA MSHAHARA UPATE MALIPO, na mashine ikatii.

Kufikia mwaka wa 1958 FLOW-MATIC ilikuwa mikononi mwa wateja. Lakini kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na lugha yake, na aliyebadilisha mashine alilazimika kuandika programu zake upya. Mwezi wa Mei 1959 wajumbe wapatao 40 walikutana Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wakakubaliana itungwe lugha moja ya biashara itakayotumika kwenye kompyuta za kila kampuni. Kamati iliyoiandika ilitoka viwandani na serikalini. Lugha hiyo ikaitwa COBOL.

Ni vyema tuwe waadilifu hapa. Hopper huitwa mara kwa mara mama wa COBOL, ilhali hakuwamo katika kikundi kilichoandika vifungu vyake. Waliofanya kazi hiyo ni watu kama Jean Sammet na wenzake. Hopper alikuwa mshauri. Hata hivyo, kikundi hicho kilikopa sana kutoka FLOW-MATIC: maneno ya kawaida badala ya alama, majina marefu yanayosomeka, na desturi ya kueleza umbo la data mahali pake, mbali na amri zinazoishughulikia. Mwezi wa Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, na ahadi ya Pentagon ikathibitishwa kwa vitendo.

Miaka hiyo hiyo wanazuoni wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiunda lugha yao. Walikutana Zurich mwaka wa 1958, kisha Paris mwezi wa Januari 1960, wakatoa lugha ya ALGOL 60. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Sarufi yake iliandikwa kwa kanuni fupi zisizo na utata, na amri zake zilipangwa katika mafungu yanayoingiana kama vyungu vya ukubwa mbalimbali. Lugha nyingi tunazozijua leo zimerithi damu yake. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja ambao karani angeuona siku ya kwanza: taarifa yake rasmi haikueleza namna ya kusoma data wala namna ya kuchapisha matokeo. Jambo hilo liliachiwa kila mtengenezaji. Kwa mwanazuoni anayechunguza kanuni ya hesabu huo ni upungufu mdogo. Kwa mwenye wafanyakazi elfu moja wanaosubiri hundi mwisho wa mwezi, lugha isiyojua kuchapisha hundi ina maana gani?

Kuna na suala la senti. Kompyuta kwa desturi huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sufuri na moja. Katika hesabu hizo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho tunapoiandika kwa desimali. Mwanasayansi anayepima umbali wa nyota hasumbuliwi na kosa dogo kiasi hicho. Lakini senti 10 zikijumlishwa mara nyingi kwa njia hiyo, hesabu huweza kukosa kulingana na leja, na mhasibu hatakubali maelezo yoyote. COBOL ilimruhusu mwandishi wa programu kutaja tangu mwanzo kwamba kiasi fulani kina tarakimu kadhaa za shilingi na mbili za senti, na hesabu ikafanywa kwa desimali kamili. Mtu aliyekulia kwenye karatasi za hisabati angeweza kulipuuza jambo hilo. Aliyeketi kando ya karani asingeweza.

Je, tuseme basi kwamba wanazuoni walikosea na watu wa biashara walipata? Tusiharakishe. COBOL ilikuwa na dosari kubwa. Ilikuwa na maneno mengi kupita kiasi. Data zake zote zilikuwa wazi kwa kila sehemu ya programu, hata badiliko moja dogo likaweza kuharibu jambo mbali sana na pale lilipofanywa. Amri zake ziliruka huku na huko bila mpango, na programu ya kurasa mia moja ikawa msitu ambao hata aliyeupanda alipotea ndani yake. Nayo ndoto ya kwamba mameneja wangezisoma programu wenyewe haikutimia, kwa kuwa ugumu wa programu haumo katika maneno yake bali katika fikira zake. Mwaka wa 1975 mwanazuoni Mholanzi Edsger Dijkstra aliishutumu lugha hiyo vikali, akasema kwamba inalemaza akili na kwamba kuifundisha kulistahili kuhesabiwa kuwa kosa la jinai. Vyuo vikuu vingi viliipa kisogo.

Hasara halisi ilikuwa katika kupeana kisogo huko. Mpangilio wa mafungu ambao ALGOL ilikuwa nao tangu mwaka wa 1960 ulikuja kuingia sawasawa katika COBOL kwa viwango vya mwaka wa 1985. Dhana ya kuunganisha data na amri zake katika kitu kimoja, iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard nchini Norway katika lugha ya Simula miaka ya 1960, ilifika katika viwango vya COBOL mwaka wa 2002. Robo karne ya kwanza, na zaidi ya miaka thelathini ya pili! Katika muda huo mabenki yaliandika programu zisizo na idadi kwa njia ambayo wasomi walikwisha kujua ni mbovu, na wasomi walihubiri wao kwa wao njia bora ambayo haikujua kuchapisha hundi.

Hopper mwenyewe hakuwa wa kambi yoyote. Alikuwa na shahada ya Yale, na alikuwa ameketi na makarani. Jeshi la wanamaji lilimstaafisha mwishoni mwa mwaka wa 1966, lakini miezi michache baadaye, mwaka wa 1967, lilimwita tena kwa kile kilichodhaniwa kuwa kazi ya miezi sita. COBOL zilikuwa zimezidi aina, na programu iliyokubali mashine hii ilikataa ile. Hopper na wasaidizi wake walitunga majaribio ya kuzipima kompaila ili ijulikane ni ipi inayofuata viwango na ni ipi inayodai tu. Hapo alitumia nidhamu ya mwanahisabati kuokoa chombo cha karani. Miezi sita ikawa karibu miaka ishirini. Alistaafu kabisa mwezi wa Agosti 1986 akiwa na cheo cha admirali na umri wa miaka 79.

Katika miaka hiyo alizunguka akihutubia vijana, akiwagawia vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimita 30. Aliwaeleza kwamba huo ndio umbali wa juu kabisa ambao umeme unaweza kusafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Jambo lisiloonekana aliligeuza kitu cha kushikwa mkononi. Ofisini mwake alitundika saa ambayo mishale yake ilizunguka kinyume, ili kuwakumbusha wageni kwamba kufanya jambo kwa njia fulani tangu zamani si ithibati kwamba ndiyo njia bora. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Mwezi wa Novemba 2016 Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia wa Marekani, miaka karibu 25 baada ya kifo chake.

Lugha aliyoiasisi haikufa naye. Mwezi wa Aprili 2020, janga la korona lilipowaachisha watu kazi kwa mamilioni, gavana wa jimbo la New Jersey alijitokeza hadharani kuomba wataalamu wa COBOL wajitolee, kwa sababu kompyuta za kulipa mafao ya wasio na kazi zilikuwa zimeelemewa na waliozijua walikuwa wamezeeka. Lugha ambayo vyuo viliona haya kuifundisha ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa na familia zisizo na chakula. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Na upande wa pili, zitazameni lugha zinazotumiwa na makampuni leo. Java, iliyotolewa mwaka wa 1995, imejengwa juu ya vitu vya Simula. Hufagia yenyewe data zisizohitajika tena, ufundi uliotokana na Lisp, lugha iliyobuniwa na John McCarthy mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa uchunguzi wa akili bandia. Mwaka wa 2014 iliongezewa njia ya kushughulikia kanuni kama data, wazo ambalo wanamantiki walikuwa nalo tangu miaka ya 1930. Pascal, ambayo wengi waliosoma kompyuta katika shule za sekondari humu nchini wanaikumbuka, ilitungwa na Niklaus Wirth mwaka wa 1970 hasa kwa ajili ya kufundishia. Hata hivyo katika miaka ya 1980 na 1990 watu wengi waliandikia programu za kuuza. Lugha ya chuo, basi, mara chache huingia sokoni ikiwa na jina lake. Huingia polepole, imevaa nguo za mwingine.

Kwa hivyo mwalimu anayefundisha misingi kwa lugha ambayo waajiri hawaitaji asione haya, ila asiishie hapo. Mfano wa Hopper unamtaka awatume wanafunzi wake wakaketi na karani wa chama cha ushirika, mwenye duka la jumla au mhasibu wa shule, waone fedha zinavyohesabiwa na mahali zinapopotea, kisha warudi waandike insha juu ya walichokiona. Mwanafunzi naye anayekimbilia lugha inayotafutwa sokoni mwaka huu akumbuke kwamba mwaka ujao soko litataja nyingine, na fikira alizozishika ndizo atakazokwenda nazo.

Ama sisi wapenzi wa Kiswahili, tuna deni la ziada. Mwanamke yule aliwaonyesha wakubwa wake kwamba kompyuta haina kabila wala haichagui lugha. Walioikataa Kifaransa na Kijerumani walikuwa watu. Mwalimu wa kompyuta anayewaeleza wanafunzi wake kwa Kiswahili sanifu mwendo wa programu, hatua kwa hatua, hashushi hadhi ya somo lake. Anafanya lile ambalo Hopper aliwadai wanafunzi wake wa Vassar, kwamba ajuaye hesabu aweze pia kuieleza.